Kuni Zilizochongwa Ncha

Mlenda wa paketi hauna harufu. Nimeshanunua wa kila namna hapa mjini Makole, wa dukani na wa akina mama wanaopanga vifurushi kwenye mabeseni, na wote ni ule ule. Unapika, unateleza vizuri tu, lakini ukisogeza pua kwenye sufuria hupati kitu. Ule wa kwetu ukiingia kwenye maji ya moto ulitoa harufu ya jiwe lililopigwa jua kutwa nzima halafu likanyeshewa. Wenzangu wa rika langu mliokulia huku kwenye vumbi mnanielewa. Watoto wangu hawanielewi, na nguvu ya kuwaelezea sina. Siku hizi nachoka hata kabla sijafungua mdomo.

Lakini hili la kuni nitalisema, maana nimelibeba tangu nikiwa darasa la tatu, na mtu niliyepaswa kulitua mbele yake mapema ameshatangulia.

Kwetu ni upande wa Mkonze, ng'ambo kidogo, enzi hizo lami haijafika. Nyuma ya nyumba palikuwa na mteremko ambao sisi tuliuita mlima kwa sababu hatukuwa na mwingine. Udongo mwekundu, mawe, migunga ya kuhesabika na vichaka vya mikole. Ungepita pale kiangazi ungesema Mungu alipasahau. Lakini mvua za kwanza zikishapiga, hazipiti wiki mbili, mahali pote panakuwa kijani, na wanawake wa kijiji kizima wanapanda na vikapu. Wanachuma mlenda, wanachuma safwe, wanachuma na mengine ambayo mimi niliyaita majani tu. Wanaanika juu ya mawe, wanatwanga, wanajaza vibuyu. Hicho ndicho kitoweo cha miezi yote ya ukame. Baba alikuwa Mtera kwenye uvuvi, tulimwona mara mbili kwa mwaka na fungu lake la samaki wakavu. Vibuyu vile vilivyotundikwa juu ya meko ndivyo vilivyotulea.

Mama hakusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, na mbele ya watu wa mjini alikuwa anaongea polepole, anakata sentensi katikati, anacheka ili yaishe. Mlimani alikuwa mtu mwingine. Alijua kila jani na tabia zake, lipi linataka kichanga, lipi linaota pale tu ng'ombe walipolala, lipi linatoka mwaka huu na mwakani halionekani. Alikuwa akisugua jani kwa vidole na tone la maji, likivutika anatia kikapuni, lisipovutika analitupa bila hata kuangalia. Mimi nilikuwa nyuma yake nikitafuta matunda ya mkole. Aliniambia majina, sikatai. Nilikuwa nasema ndiyo Mama, na mdomo umejaa mbegu.

Mwaka huo wa darasa la tatu, mvua zinaanza, akaja msichana wa Kitanga, mwanafunzi wa chuo kikuu, mrefu, amevaa suruali na juu yake kajifunga khanga kwa heshima. Jina lake Nasra. Mwenyekiti wa kijiji alimleta kwetu kwa sababu chumba cha kaka yangu kilikuwa wazi, kaka yuko shule ya bweni, na kwa sababu kila aliyeulizwa nani anayajua majani ya pale alimtaja Mama. Nasra alisema shikamoo, Mama akaitikia marahaba, kisha akamtupia mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, kumpima. Binti akabaki anatabasamu. Baada ya siku tatu alikuwa anaitikia mbukwa vizuri kuliko hata mimi.

Kazi yake ilikuwa kupima mraba, hatua moja kwa hatua moja, kuchomeka kigingi kila pembe na kuzungusha kamba. Kisha alipiga magoti, akahesabu kila mche ulioota mle ndani. Miraba kumi na miwili. Vigingi arobaini na vinane, vya mti, alivichongesha kwa seremala vikawa na ncha nzuri, na juu kila kimoja kina namba ya wino. Mama alikaa pembeni ya mraba, miguu ameinyoosha, akimtajia: hili jina lake hivi, mbuzi hawaligusi, hili lilikuwa tele nilipoolewa na sasa nalitafuta. Nasra aliandika yote. Mama alikuwa hajawahi kuandikwa na mtu yeyote isipokuwa karani wa kliniki, na karani alimwuliza umri tu akaukosea. Nilimwona akitazama kalamu ikienda. Jioni alikuwa anapika huku anaimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwa Mama halikuwa la kila siku.

Siku moja kuna jani walilitafuta wasilione. Nasra akauliza kama limekufa.

"Halijafa," Mama akasema. "Limegoma. Mwakani likipenda litatoka."

Nasra alicheka, akaandika, akasema chuoni wamelieleza jambo hilo hilo kwa kurasa nyingi. Ndiyo maana mvua moja haikutosha. Ilibidi arudi mvua zijazo, kwenye miraba ile ile, bila kusogea hata kiganja, aone nini kimebaki na nini kimeondoka, kwa vile mvua zenyewe zilikuwa zinapungua na mifugo inazidi. Aliwaambia Mama na wanawake wenzake kwamba akikamilisha, karatasi yake itapelekwa kwa wanaopanga mji, maana mji ulikuwa unakuja na kila mtu aliujua. Wakiona kwa maandishi kwamba mteremko ule unalisha nyumba zote hizi, labda watauacha. Alisema labda. Hakuapa.

Mimi siku hiyo nilikuwa shuleni. Hayo nilikuja kuyajua baadaye mno. Nilichokiona mimi ni vigingi.

Na vigingi nilivijua. Mwaka wa nyuma yake walikwenda watu kwa mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa amejenga karibu na barabara. Walisalimia vizuri, wakanywa togwa, wakaandika majina, wakachomeka vigingi. Baada ya mavuno akaja mtu na kopo la rangi nyekundu, akachora X ukutani. Mjomba alihamia kwetu na magunia yake matatu, akawa anashinda kizingitini anatazama njia, mtu mzima aliyekuwa na ng'ombe wake. Sisi watoto wa huku hatukufundishwa na mtu. Ukiona mgeni ana futi ya kamba na vigingi, unajua kuna nyumba itahama.

Kwa hiyo nilimhesabia Dada Nasra moja baada ya jingine. Amesalimia. Amekunywa uji. Ameandika majina. Amechomeka vigingi. Ilibaki rangi, nami nikawa naisubiri hiyo rangi. Alikuwa ananifundisha kusuka nywele kwa mtindo wa kwao, ananiita mdogo wangu, na mimi huku nampenda huku namchunguza. Alikuwa akibana majani kwenye magazeti kati ya mbao mbili, anakaza mikanda, nikawa naona kabisa ameanza kuhamisha majani, watu watafuata.

Mvua zikaisha. Siku moja kabla hajaondoka natoka shule, natazama mlimani, naona mgunga mkubwa wa katikati umepakwa mstari mwekundu. Alikuwa ameweka alama ili akirudi asipotee, hilo nalijua leo. Siku ile nilikimbia mpaka nyumbani. Nilimkuta Mama anatwanga.

"Mama, tunahama lini?"

Akauliza nani kaniambia tunahama. Nikamwonyesha mti. Aliutazama muda mrefu, mchi ameushika juu. Kisha akaendelea kutwanga. Hakuniambia hatuhami.

Kesho yake Nasra aliaga. Akamwambia Mama nakuachia vigingi vyangu, hata mbuzi akivisukuma tafadhali virudishe palepale. Mama akaitikia, akamwambia nenda salama mwanangu.

Kuving'oa kulinichukua alasiri tatu. Nilikuwa nachunga mbuzi, hakuna aliyeniuliza niko wapi. Udongo ulikuwa umeshaanza kukauka na kubana, ikabidi nigonge kila kigingi kwa jiwe huku na huku mpaka kilegee. Viganja vilitoka malengelenge. Kamba nilizitupa korongoni. Ile rangi ya mgunga niliikwangua kwa jiwe mpaka nikatoa na gome lake. Vigingi vyenyewe niliogopa kuvitupa, vina namba, vingeokotwa na kurudishwa. Nikavichanganya kwenye mzigo wa kuni, vichache kila siku, nikavipeleka nyumbani.

Mama siku hizo alikuwa shambani akiamia uwele, juu ya dungu, na kombeo lake la kufukuzia ndege. Dungu letu lilikuwa refu, ukikaa pale unauona mlima wote. Nililifikiria hilo, nikajiambia mwenye kuamia anatazama ndege.

Jioni alipika kwa kuni zile. Alishika kimoja, akakigeuza mkononi, akakisukuma mekoni ncha ikitangulia. Nikasema moyoni, Mama hajui kusoma, namba kwake ni michoro tu. Ugali ulipoiva nilikula kuliko siku zote. Nilikuwa nimeokoa nyumba, nimeokoa na mlima, na hakuna anayejua. Kiangazi chote kile nilitembea kama mtu aliyevishwa taji.

Mvua za mwaka uliofuata zilichelewa na zilipokuja zilikuwa za kubahatisha. Dada Nasra alikuja nazo. Aliniletea kashata za nazi kutoka kwao Tanga, amezifunga kwenye gazeti, nikazila zote siku ile ile. Kesho yake asubuhi tukapanda, yeye, Mama na mimi. Alizunguka mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole. Akafika kwenye mgunga, akapitisha kidole kwenye lile kovu la gome. Akauliza vigingi viko wapi.

Mama akajibu, "Mbuzi, mwanangu. Na watoto wa watu."

Hakunitazama. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Nasra alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyetembea kutoka mbali, mikono imelegea mapajani. Hakugomba, na ningependa angegomba. Mama akasema miraba anaikumbuka, atamwonyesha. Akaanza kwenda, anaonyesha hapa, na hapa, na pale penye mawe mawili. Nasra akamfuata, akatandaza futi, akapiga magoti, akabaki amepiga magoti bila kuandika.

"Mama, una hakika ni hapa?"

Mama akainama kutazama udongo.

"Nikiandika bila hakika nitakuwa nimedanganya," Nasra akasema. "Na siku mtakayoihitaji hii karatasi, uongo utawaangusha."

Angeweza kuanza upya, lakini kuanza upya kulitaka mwaka mwingine juu ya huo, na chuo kilimpa mvua mbili tu. Alikaa siku mbili kwa adabu, akala chakula chetu, akaondoka na begi lake. Mlangoni alinishika kichwa akasema nisome sana. Hatukumsikia tena.

Wenyewe wa viwanja walikuja nilipokuwa nimeanza sekondari. Hawa walikuwa na vigingi vya chuma, wakavimwagia zege, mtoto hata alete shoka having'oi. Kukaitishwa mkutano, tukaambiwa mwenye pingamizi aseme. Mama akasimama. Sijui alipata wapi ujasiri. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba pale kuna chakula. Akaulizwa chakula gani, akataja majina ya Kigogo, watu wa mbele wakatabasamu. Akaulizwa imeandikwa wapi. Akabaki amesimama kidogo, akacheka kile kicheko chake cha kutaka yaishe, akakaa. Nyuma yangu wanawake wawili wakaanza kunong'ona: yule binti wa Tanga angekuwepo na karatasi yake, si ndiyo aliyotaka kuileta kwa hawa hawa. Nikageuka nikauliza karatasi gani. Wakanieleza yote, pale pale, nikiwa na sare ya shule.

Tangu siku hiyo sijawahi kuona kigingi nikapita kwa amani. Nimeolewa, nimezaa, nimehamia mjini, nimemzika mjomba, nimemzika na Baba, na mahali pote nilikuwa na hiki kitu. Mlimani sasa ni nyumba na kuta, na nyua zinafagiliwa kila asubuhi mpaka udongo unang'aa. Wajukuu wa wanawake wale wananunua mboga sokoni kama mimi. Najua mji ungekuja tu, na karatasi ya msichana mmoja pengine isingezuia kitu. Watu wakiniambia hivyo nakubali kwa kichwa. Lakini hatukupata hata kushindwa kwa haki. Tulisimama pale mikono mitupu, na mikono mitupu niliifanya mimi.

Mama nilimleta Makole miguu ilipomkataa. Mwaka huu akaanza kukataa na chakula. Alasiri moja akaomba mlenda. Nikapika wa paketi, nikatia karanga, nikamlisha. Alionja kijiko kimoja akakirudisha.

"Huu umelimwa," akasema. Hakuwa analaumu, alikuwa anataja tu.

Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Labda kwa sababu nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini, nimefua, nimempindua na kumsafisha, na nguvu ya kuficha ilikuwa imeisha pamoja na nyingine. Nikamwambia. Nikasema Mama, vigingi vya Dada Nasra niling'oa mimi. Sio mbuzi. Nilidhani tunahamishwa.

Alikuwa ameegemea mto, macho yako dirishani.

"Kuni zilizochongwa ncha," akasema, "mimi sikuzijua? Nilikuona toka juu ya dungu. Siku ile ya kwanza."

Nikamwuliza kwa nini hakunizuia.

"Na mimi niliogopa. Yule binti nilimpenda, lakini kwa kaka yangu nao walikuja wazuri hivyo hivyo. Nilikuwa nimempa neno langu, mkono wangu ulikuwa mzito. Wako ulikuwa mwepesi."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mgonjwa, mama yangu mzazi. Nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo nikianua nguo ambazo hazijakauka. Miaka yote hiyo. Nilirudi nikamwambia, umeniacha nimebeba peke yangu, Mama.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani umesahau," akasema. "Watoto husahau." Halafu akasema kwamba yeye hajasahau hata siku moja, kwamba pale mkutanoni alipoulizwa imeandikwa wapi aliisikia harufu ya moshi wa zile kuni.

Basi tukakaa. Mwisho nikachukua daftari la mwanangu la darasa la pili, nikafungua ukurasa mtupu, nikamwambia nitajie. Majani ya mlimani, yote unayoyakumbuka, na mimi niandike. Akafumba macho. Akaanza na ilende, ndio mlenda wenyewe, kisha safwe, akaendelea polepole, kila jina akilisubiri kama mtu anayepanda ngazi. Nilitaka kumwuliza jani lake likoje, lina maua gani, lakini niliona nisimkatishe, hayo tutayarudia. Aliyafikisha saba. Akasema mengine kesho, akalala.

Kesho yake hakuongea, wala keshokutwa. Tulimzika wiki ile ile.

Daftari ninalo, mwanangu nilimnunulia jingine. Majina matatu nayajua, hata leo nikikutana na majani yake nitayachuma. Manne sijui ni ya mimea gani. Siyaandiki hapa nisije nikayakosea, maana moja nililiandika haraka na hata herufi zake sina hakika nazo. Nimewauliza wazee wawili wa kwetu wasiojua kuwa tumeshamzika, kila mmoja akaniambia yupo mtu anayeyajua vizuri zaidi, nenda kamwulize mama yako.